Nani Alimwona Buibui?

Mjomba alirudi kutoka kibanjani jioni ya Jumatano akichechemea. Akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, akavua gambuti la kushoto na kulikung'uta. Kikatoka kipande cha jani kavu la mgomba, vumbi, na punje moja ya kahawa. Hapakuwa na kingine. Juu kidogo ya kifundo cha mguu palikuwa na wekundu wa ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, na katikati yake nukta.

"Buibui," alisema bibi, kabla hata hajainama vizuri kutazama.

Mjomba akaitikia kwa kichwa. Kuanzia hapo hakuna aliyeuliza tena. Kabla ya chakula cha usiku majirani wote wa upande wetu wa Kamachumu walikuwa wameshajua kwamba fulani kaumwa na buibui, na wawili walikuja na visa vyao: mmoja shangazi yake, mwingine mtoto wa shemeji, wote waliumwa na buibui, wote wakiwa kwenye nyasi za kutandaza migombani.

Alhamisi alipakwa majani yaliyosagwa. Alhamisi hiyohiyo jioni likaletwa jiwe jeusi. Wilayani Muleba bado zipo nyumba zinazolitunza jiwe hilo kabatini, limeviringishwa kwenye kitambaa, pamoja na rozari na vyeti vya ubatizo. Ni mfupa uliochomwa ukageuka mweusi, wenye vitundu vidogo mno, na ukilibandika juu ya chale inayotoka damu hunata lenyewe. Kunata huko ndiko kunakowafanya watu waamini kwamba jiwe linafyonza. Kweli linafyonza, lakini ni unyevu. Sifongo nayo hufyonza. Walipolijaribu kwa panya waliodungwa sumu ya nyoka, jiwe halikubadilisha kitu. Mjomba alichanjwa kwa wembe, jiwe likabandikwa, likanata usiku kucha. Asubuhi wekundu ulikuwa umefika nusu ya muundi, naye alikuwa akitetemeka kwa homa.

Jumamosi tulimpakia kwenye bodaboda, mimi nyuma yake nikimshikilia kiunoni, mpaka zahanati. Tabibu alikuwa binti mdogo. Alimwamkia mjomba shikamoo, akapokea marahaba yake, akavaa glavu, akaubonyeza mguu taratibu kuanzia chini kwenda juu. Nikamweleza kwamba ameumwa na buibui siku tatu zilizopita. Akaendelea kubonyeza.

"Nani alimwona buibui?"

Mjomba alinitazama. Mimi nikautazama ukuta, kwenye bango la chanjo. Bibi aliyemtaja buibui alikuwa nyumbani akimenya ndizi.

"Mimi naona maambukizi," alisema yule binti. "Buibui simwoni."

Akachukua peni ya bluu mfukoni, ya kawaida kabisa, akachora mstari kuuzunguka wekundu wote, mahali unapoishia, kwenye ngozi ya mjomba kama mtu anayechora ramani ya shamba. Kando ya mstari akaandika saa: 4:20. Akatueleza kwamba vijidudu vya bakteria vimeingia kupitia mchubuko, pengine wa nyasi, pengine wa ile nukta, pengine wa wembe wetu wenyewe. Akampa antibiotiki na sindano ya pepopunda. Wekundu ukiuvuka mstari kabla ya kesho saa kama hii, akasema, msirudi kwangu, nendeni moja kwa moja Ndolage hospitalini.

Swali lake limenikaa kichwani tangu siku ile.

*

Kiswahili chetu kina tabia moja ambayo tumeizoea mno mpaka hatuioni. Mtu akiwa mgonjwa tunasema anaumwa. Naumwa kichwa, naumwa tumbo, mtoto anaumwa. Kitenzi ni kilekile cha mbwa na cha nyoka. Kwa lugha hii kila mgonjwa ameshaumwa na kitu, na kinachobaki ni kumtafuta aliyeuma. Sidai kwamba sarufi ndiyo iliyompeleka mjomba kwenye jiwe jeusi. Lakini jioni ile pale mlangoni, neno lilikuwa na nafasi moja tupu, na nafasi hiyo ilihitaji mnyama.

Buibui anaijaza vizuri kuliko wote. Nyoka angeonekana, nyuki angesikika na kuacha mwiba wake, siafu wangekuwa mia. Buibui ni mmoja, kimya, yupo kila nyumba, na asubuhi ukiamka na kidonda unamkuta ukutani palepale alipokuwa jana. Ushahidi wa namna hiyo mahakamani usingefika mbali, lakini ndani ya nyumba unatosha.

Ni kweli kwamba karibu buibui wote wana sumu. Hawawezi kutafuna, kwa hiyo humdunga mdudu, humlainisha na kumfyonza. Mwaka 2022 orodha ya kimataifa ya spishi za buibui ilivuka 50,000. Kati ya hizo, ambazo meno yake yanaweza kuipenya ngozi ya binadamu na sumu yake ikamdhuru kweli ni chache mno, nyingi zikiwa za jamaa mbili tatu tu. Kwetu Afrika wa kuangaliwa ni wale weusi au wa kahawia wenye tumbo la mviringo kama kishanga, na wale wa miguu mirefu wenye macho sita badala ya manane, ambao sumu yao huozesha nyama ya ngozi. Wale wa manyoya, wakubwa kama kiganja, wanaochimbuliwa mashimoni wakati wa kulima, hutisha zaidi kuliko wanavyodhuru. Wakiuma panauma sana, panavimba, panapoa.

Na hao wenye sifa mbaya kabisa hawana haraka ya kuuma. Kuna nyumba moja katika jimbo la Kansas, Marekani, ambako mwaka 2001 familia ya watu wanne ilikusanya buibui 2,055 wa jamii hiyo ya macho sita kwa muda wa miezi sita. Walikuwa wakiishi nao kwa miaka. Hakuna hata mmoja wa familia aliyedhurika. Na huko California watafiti waliwafuatilia wagonjwa 182 waliofika hospitalini wakisema wameumwa na buibui. Walioumwa kweli walikuwa saba. Zaidi ya 150 walikuwa na kile alichokuwa nacho mjomba: maambukizi ya ngozi. Nilipoisoma hesabu hiyo nilijisikia nafuu kidogo. Kumbe si Kamachumu peke yake.

Tena Ulaya wana kituko chao. Kila baada ya muda magazeti ya Uingereza hutangaza kwamba familia fulani imeikimbia nyumba yake baada ya kukuta buibui kwenye ndizi za dukani, wakidhani ni yule mkali wa Brazili. Mara nyingi wanaowajua buibui wakimtazama hukuta ni mwingine, asiye na madhara. Mkoa wetu wa Kagera umebeba mikungu ya ndizi kichwani, begani na kwenye baiskeli tangu enzi za mababu. Bibi akimenya ndizi na buibui akatoka katikati ya vichane, humpuliza kwa mdomo kama anavyopuliza jivu, na kisu chake hakisimami. Angeambiwa mtu amehama nyumba kwa ajili hiyo angetaka kujua nyumba amemwachia nani.

*

Lakini kuna kidonda kingine, na hiki Bukoba wanakijua kila msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa.

Novemba mvua zikishika, mji hubadilika usiku. Mitego ya senene huwashwa taa kali, mabati hupangwa yakiwa yameinamia mapipa, senene wanaijia taa, wanaligonga bati, wanateleza ndani. Vijana hukesha wakikusanya, taa inawaangazia uso na shingo mpaka alfajiri. Taa haichagui mgeni. Pamoja na senene huja nondo, kumbikumbi, na mdudu mmoja mwembamba, mfupi kuliko ukucha wa kidole kidogo, mwenye mistari myeusi na ya rangi ya chungwa, anayetembea ameinua mkia kama nge aliyepungua ukubwa. Watu humwita nairobi flai, ingawa si inzi, ni jamii ya mbawakawa.

Huyu hang'ati wala hachomi. Sumu imo ndani ya mwili wake, na hutoka tu akipondwa. Akitua shingoni, mkono unaenda wenyewe, unampiga, unampangusa, na mambo yameisha. Hakuna maumivu, na mtu analala. Kesho yake au keshokutwa anaamka na mchirizi mwekundu unaowaka, wenye malengelenge, kama aliyemwagiwa maji ya moto kwa kijiko. Ikiwa mdudu alipondwa kwenye kiwiko upande wa ndani, mkono ukikunjwa kidonda hujipiga chapa upande wa pili, viwili vinavyofanana kama kurasa za kitabu kilichofungwa wino ukiwa mbichi. Mtu akiupeleka mkono jichoni bila kunawa, jicho huvimba na kufumba.

Nyumbani kwetu jina la mchirizi huo lilikuwa moja: umekojolewa na buibui. Tulikua tukiamini kwamba usiku buibui hupita juu yako na kukukojolea, na kwamba mchirizi ni njia aliyopita. Mantiki yake inapendeza. Kidonda ni mstari, basi kuna aliyetembea. Mdudu mwenyewe alishapanguswa saa kumi na mbili zilizopita na kusahauliwa, na buibui yupo juu ya dirisha na utando wake, amekaa, anangoja kulaumiwa.

Kinachonichekesha, na kunisikitisha kidogo, ni kwamba dawa ya mdudu huyo ni rahisi kuliko zote: usimponde. Mpulize. Mpe karatasi apande, umtupe. Ukishamponda, nawa kwa sabuni na maji mengi hapohapo. Haihitaji jiwe, mganga wala duka la dawa. Inahitaji tu kujua ni nani, na kwa sababu sisi tulishajua kuwa ni buibui, tulikuwa tukifagia tando kwa bidii kila Jumamosi na kuendelea kuwaponda wale wengine shingoni.

*

Ni lazima niseme lililonifanya niandike haya, maana mchirizi wa nairobi flai hupona wenyewe na mguu wa mjomba ulipona.

Kuvuka mpaka wa Mutukula kutoka Missenyi unaingia wilaya ya Kyotera, Uganda. Ni watu walewale, migomba ileile, ndugu wamegawanywa na kizuizi cha barabara. Mwaka 2023 huko watu walianza kuvimba mikono, kuwashwa, kutokwa na vidonda, na wengine wakafa, zaidi ya kumi. Kwa wiki kadhaa ulikuwa ugonjwa usiojulikana. Novemba maabara ikasema: kimeta. Kimeta cha ngozi huanza na kipele kama cha kuumwa na mdudu, kinawasha, kinavimba pembeni, katikati kinageuka cheusi kama kaa, na ajabu yake ni kwamba hakiumi. Mtu hukipata kwa kumchuna ng'ombe aliyekufa mwenyewe, au kuikata nyama yake. Antibiotiki za kawaida, za bei ndogo, hukiponya kikiwahiwa.

Sasa mfikirie mtu mwenye kipele hicho mkononi, katika kijiji chochote cha kanda hii, na mzee mwenye upendo anayekitazama na kusema: buibui. Siku tatu za majani. Siku mbili za jiwe. Na nyama bado ipo jikoni, na hakuna anayeitazama.

Tulilijua hili Bukoba mwaka uleule. Machi 2023, katika kata za Maruku na Kanyangereko, watu wa nyumba moja na waliowauguza walianza kufa kwa homa na kutokwa damu, na kabla ya maabara kusema ni Marburg, kila mdomo ulikuwa na jina lake. Wagonjwa walihesabiwa tisa, sita wakafariki. Juni 2 mlipuko ukatangazwa umekwisha. Najua, Marburg na buibui ni mbali sana. Lakini siku zile za katikati, kati ya mtu kuugua na jina la kweli kupatikana, ndizo ninazozizungumzia. Jina la kubuni halikai bure. Linakula muda.

Na si magonjwa ya kutisha tu. Chini ya jina la buibui nimewahi kukuta jipu, nimekuta mkanda wa jeshi ukiwa umeshazunguka nusu ya kifua cha mama mmoja wa jirani, nimekuta fangasi. Tulitaka jibu tukapata jipu, alisema mjomba siku aliyoweza tena kufanya utani.

*

Watu wa pwani walimwona buibui kwa jicho jingine. Vazi jeusi la mwanamke wameliita kwa jina lake. Katika Kurani, sura ya 29 imebeba jina lake na kuutaja udhaifu wa nyumba yake. Na Waislamu husimulia jinsi alivyotanda utando kwenye mdomo wa pango, Mtume akiwa ndani, na maadui waliokuwa wakimsaka wakapita wakiamini kwamba hakuna aliyeingia. Jirani yetu mmoja Mwislamu hafagii tando za barazani kwake kwa sababu hiyo. Bibi, Mkatoliki wa rozari ya kila jioni, alikuwa akimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeshindwa usafi, huku yeye akiinua kijiti chake kirefu chenye nyuzi za mgomba nchani na kuzikusanya tando zetu mpaka nyuzi zinageuka kijivu.

Halafu dawa-ukoko ikaja. Kuanzia 2007 Muleba ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza kupuliziwa dawa kwenye kuta za ndani kuzuia malaria, na haikuchaguliwa kwa bahati. Malaria imeshawahi kuzuka Muleba ikajaza wodi. Tulitoa vitanda nje, vyungu, picha za ukutani, mpaka kuku. Wapuliziaji walipotoka na tukaruhusiwa kurudi, sakafuni walikuwa wamelala mende, nzi, mbu, na buibui wote wa dari, miguu imekunjwa kama vidole vya mtu anayeficha kitu. Bibi alifagia siku hiyo kwa raha ambayo sijaiona tena.

Sikuwahurumia wakati ule. Baadaye nilisoma kuhusu Mbita, kandokando ya ziwa hilihili upande wa Kenya, ambako kuna kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE. Hapo wamechunguzwa buibui wadogo kama punje ya mchele, warukao, wasiotanda utando. Mwaka 2005 watafiti walitangaza kwamba buibui hao wanapenda damu yetu, lakini hawana njia ya kuitoa mwilini mwetu, kwa hiyo humngoja mbu jike aliyekwisha kunywa. Humchagua kwa macho na kwa harufu, na wanapendelea hasa mbu wa jamii ya anofelesi, ndio hao wanaoeneza malaria. Katika kabila zima la buibui wanaojulikana, huyu wa kwetu, wa Ziwa Victoria, ndiye anayeitamani damu ya binadamu, na huipata kwa kumuua anayetuua.

Malaria iliua takriban watu 597,000 duniani mwaka 2023, wengi wao watoto wa Afrika chini ya miaka mitano. Muleba imelipa sehemu yake, na pia imechangia kitu: majaribio yaliyoanza 2014 katika vijiji vyake yalionyesha kwamba vyandarua vilivyoongezewa kemikali ya PBO vinalinda vizuri zaidi mahali ambapo mbu wamezoea dawa ya zamani, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake. Kwenye vyumba hivyohivyo, juu ya vyandarua hivyohivyo, buibui walikuwa wametundika tando zao. Siamini kwamba wao peke yao wangeweza kitu. Lakini kati ya wakazi wa chumba cha kulala, nilikuwa nimemwogopa asiyestahili.

Baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016, nilipata nafasi ya kulipima hilo bila kutaka. Ilikuwa Jumamosi alasiri, saa tisa na nusu hivi, kipimo cha 5.9, na watu wasiopungua 17 walipoteza maisha hapa kwetu. Wiki zilizofuata wengi tulilala nje chini ya maturubai, chini tumetandaza majani na magodoro, tukihofia kuta zilizopasuka. Mchana tulichambua kifusi kwa mikono mitupu. Usiku ukimulika tochi juu ya turubai unaona macho madogo yanang'aa kila upande, mamia. Tuliumwa na mbu mpaka basi. Sikusikia aliyeumwa na buibui, na wakati ule tulikuwa tayari kuamini lolote.

*

Nisieleweke kwamba nawatetea wote. Sumu ya buibui mweusi na ndugu zake ni jambo la kweli. Huingia kwenye ncha za mishipa ya fahamu na kuzifungulia zote kwa mpigo, kama mtu aliyevunja koki za bomba nyumba nzima. Alama ya meno inaweza isionekane kabisa. Kinachoonekana ni maumivu yanayopanda ndani ya saa moja mpaka tumboni au kifuani, jasho linalomiminika, misuli ya tumbo inayokakamaa kama ubao mpaka daktari asiyeambiwa akadhani ni la kupasuliwa. Watu wazima wengi hupona kwa siku chache hata hivyo. Mtoto mdogo na mzee ndio wa kuwahishwa. Huko si kufunga kamba, si kuchanja wala kufyonza kwa mdomo: ni kuosha kwa sabuni, kuweka kitambaa cha maji baridi, na kwenda. Na kama yule aliyeuma amepatikana, hata akiwa amepondwa, atiwe kwenye kopo aende naye.

Hilo la mwisho watu hulidharau, na ndilo lililoleta dawa. Johannesburg hutengenezwa dawa ya kuzuia sumu ya buibui mweusi. Sydney, Australia, buibui wao wa mashimo aliwahi kuua watu 13 wanaojulikana, mpaka Struan Sutherland alipotengeneza dawa mwaka 1981. Tangu hapo hakuna aliyekufa. Kabla ya dawa, kuna mtu aliyemkamata mdudu mwenyewe, akajua ni huyu na si yule.

Mjomba alipoanza kutembea, bibi aliamuru usafi wa nyumba nzima, kwa sababu yeye bado alikuwa upande wa buibui. Nilipewa uani. Nilihamisha kuni, ndoo mbovu, tairi la baiskeli, kisha nikakigeuza kigoda chake cha miguu mitatu, kile anachokalia kila siku akimenya ndizi.

Chini yake palikuwa na utando wa hovyo hovyo, usio na umbo, wenye nyuzi ngumu zilizolia kidogo nilipozigusa kwa kijiti. Ndani yake vilining'inia vifuko vitatu vya mayai, vya mviringo, vya rangi ya maziwa, vimejaa miiba midogo kama tunda changa la mbarika. Na kando yake, kichwa chini, alining'inia mwenyewe: kahawia, miguu yenye mapingili ya giza na mwanga, na tumboni alama ya rangi ya chungwa, vipembetatu viwili vilivyogusana ncha. Nilikuwa nimeiona alama hiyo kwenye vitabu tu. Huyu wa kahawia ni mpole kuliko ndugu yake mweusi, sumu yake kwa kawaida huishia palepale alipouma, lakini ni wa ukoo uleule.

Nikamwita bibi. Akaja na kisu mkononi, akainama.

"Huyo?" alisema. "Huyo si wa siku zote?"

Alikuwa amemkalia kwa miezi.

Mjomba naye akaja, taratibu, akijishika ukutani. Alichuchumaa kwa shida akamtazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, akasogeza kichwa huku na huku apate mwanga. Nikamwambia kwamba siye aliyemuuma. Mguu wake uliumia kibanjani, na huyu hatoki hapa. Akasema ndiyo, nimeelewa, daktari alishasema. Akaendelea kutazama. Vifuko nilivisaga kwa jiwe kimoja kimoja, na buibui mwenyewe nilimfunika kwa kopo tupu la kahawa.

Jumapili baada ya misa nilimkuta mjomba nje ya kanisa, wanaume sita wamemzunguka. Alikuwa akieleza rangi, mapingili ya miguu, alama ya chungwa, mayai yenye miiba, kila kitu mahali pake, kama mtu anayesoma. Mmoja akauliza kama huyo ndiye aliyemuuma. Mjomba hakujibu mara moja. Akainama, akapandisha suruali mpaka karibu na goti, akawaonyesha: wekundu ulikuwa umekwisha, na mstari wa peni bado ulionekana kwa mbali, pamoja na saa.

"Huyu nimemwona," alisema. "Aliyeniuma bado."